Shule ya sebuleni: je, mzazi Mkristo amfundishe mtoto nyumbani?

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuyasikia.)

Ndugu msikilizaji, majuma mawili yaliyopita, baada ya ibada ya Jumapili hapa Tegeta, kijana mmoja wa usharika wetu na mkewe walinivuta pembeni chini ya mwembe. Walikuwa na jambo. Binti yao ana miaka sita na anatakiwa kuanza darasa la kwanza mwezi wa Januari. Wao wameamua, au tuseme wanakaribia kuamua, kwamba haendi. Watamfundisha wenyewe nyumbani, kwa Biblia na kwa vitabu, mpaka watakapoona amekomaa. Walikuwa wamesikia kwamba mimi niliwahi kufanya hivyo, nao wakataka niwape baraka.

Sikuwapa baraka, wala sikuwakatalia. Niliwaomba siku chache nijipange, kwa sababu swali lao lilikuwa kubwa kuliko kivuli cha ule mwembe. Leo nataka kulijibu mbele yenu nyote, maana najua hawako peke yao. Kuanzia Mbezi mpaka Bunju, na ng'ambo huko Temeke na Kigamboni, wapo wazazi wanaojiuliza swali hilohilo usiku, watoto wakishalala.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Kumfundisha mtoto nyumbani ninakokuzungumzia si tuisheni ya jioni, wala si kumsaidia mtoto hesabu alizopewa na mwalimu wake. Ni mzazi kumwondoa mtoto shuleni kabisa, au kutompeleka tangu mwanzo, na kuibeba yeye mwenyewe kazi yote ya mwalimu: kupanga masomo, kufundisha, kusahihisha na kupima. Sebule inakuwa darasa, meza ya chakula inakuwa dawati, na baba na mama wanakuwa mwalimu mkuu, mwalimu wa taaluma na mwalimu wa zamu kwa wakati mmoja.

Sababu za wazazi hawa si za kipuuzi. Anayekaa Tegeta anazijua. Gari la shule linapiga honi saa kumi na moja kasoro alfajiri, mtoto wa miaka sita anabebwa amelala na begi mgongoni, kisha anazungushwa Salasala, Kunduchi na Boko kukusanya wenzake. Anarudi jioni taa zikiwashwa. Baba naye yuko kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo. Wanaonana saa ngapi? Wengine wamepeleka watoto wao shule ya Serikali iliyo jirani, na huko wakakuta darasa limejaa hata mwalimu hana mahali pa kupita.

Ipo na hofu ya fimbo. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Lakini Agosti 2018 mtoto wa darasa la tano alifariki dunia Bukoba baada ya kupigwa na mwalimu, na mzazi aliyesikia habari ile hasahau. Juu ya yote hayo, mzazi Mkristo ana jambo lake jingine: anataka mwanawe amjue Mungu, na anaona siku nzima ya mtoto iko mikononi mwa watu ambao hawajui kama wanamjua.

Hizo zilikuwa sababu zangu pia. Niwaeleze ilivyokuwa.

Mtajakumbuka Machi 17, 2020. Siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule zote. Watoto wakarudi nyumbani, na kwa miezi mitatu na nusu kila mzazi wa nchi hii akawa mwalimu, apende asipende. Masomo yalitangazwa redioni na kwenye televisheni. Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandao, na mwenye simu yenye uwezo aliweza kuvisoma.

Mwanangu wa pili wakati huo alikuwa darasa la tatu. Nitasema ukweli ambao baba hapendi kuusema: alikuwa hajui kusoma. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili tangu mwaka 2015 umejengwa juu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na yeye alikuwa ameyapita madarasa yote mawili bila kuzishika. Alikuwa amejifunza ujanja wa kukariri ukurasa. Ukimfungulia kitabu chake anakusomea vizuri mpaka mwisho. Ukifunika picha kwa kiganja, ananyamaza.

Mama yake ndiye aliyegundua. Alikaa naye sebuleni kila asubuhi, silabi kwa silabi, ba be bi bo bu, bila kumfokea na bila wenzake wa kumcheka. Kufikia mwezi wa Mei mtoto alikuwa anasoma vibao vya maduka njia nzima kutoka Kibaoni mpaka Nyuki. Mwezi wa Juni alitusomea Zaburi wakati wa sala ya jioni, polepole, kidole kikitembea chini ya maneno. Mimi nililia. Nikasema moyoni: shule ya nini?

Shule zilipofunguliwa Juni 29, mkubwa wake alirudi darasani. Yeye tulimbakiza nyumbani. Hatukuuliza mtu. Niliamini kwamba mtoto ni wangu, nimepewa na Mungu, na kama ninaweza kumfundisha vizuri kuliko shule, hakuna atakayenilaumu.

Miezi kadhaa baadaye tulitembelewa na mtu wa elimu ngazi ya kata, akiwa na mjumbe wetu. Hakuja kwa ukali. Aliuliza tu kwa nini jina la mtoto limo kwenye daftari la mahudhurio na mtoto hayumo darasani. Nilimpa hotuba ndefu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzee, mimi sibishani na wewe kuhusu kufundisha. Nenda kasome sheria."

Nilikwenda kuisoma, na leo nawasomea nanyi, maana hapa ndipo wengi wetu tunapojikwaa.

Sheria ya Elimu, Namba 25 ya mwaka 1978, katika kifungu cha 35, inasema ni lazima kila mtoto aliyefikisha miaka saba na ambaye hajafikisha miaka kumi na mitatu aandikishwe kwa elimu ya msingi. Haiishii hapo. Inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule mfululizo mpaka amalize. Kanuni za uandikishaji na mahudhurio za mwaka 2002 zimeweka adhabu kwa mzazi anayekaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inaitaja elimu kuwa haki ya mtoto na wajibu wa mzazi. Tena Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la mwaka 2023, imeongeza elimu ya lazima kuwa miaka kumi, yaani msingi na sekondari ya chini.

Ukizisoma vizuri utaona kwamba hakuna mahali zinapomkataza mzazi kufundisha nyumbani. Kinachokatazwa ni mtoto kutoandikishwa na kutohudhuria. Lakini kwa mtu anayetaka kumwondoa mtoto shuleni, matokeo ni yaleyale. Na ukisema basi utakusanya watoto watano sita wa waumini wenzako muwafundishe kwa zamu, hapo umeshaelekea kwenye kuanzisha shule, na shule bila usajili ni kosa jingine.

Mtu atasema sheria hii ni kali. Tukumbuke ilikotoka. Mwaka 1974 Azimio la Musoma lilitaka elimu ya msingi ifike kwa watoto wote, na mwaka 1977 mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, ule tuliozoea kuuita UPE, ukaanza. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria. Haikumlenga baba wa Tegeta mwenye kabati la vitabu. Ilimlenga mzazi aliyemficha mtoto ili achunge ng'ombe, au binti ili aolewe. Wako wanawake wengi leo, walimu, wauguzi, mahakimu, ambao walitolewa nyumbani na sheria hiyo huku baba zao wakinung'unika. Sheria haikuweza kumpambanua baba mwenye nia njema na baba mwenye nia mbaya, kwa sababu wote wawili husema neno lilelile: mtoto ni wangu.

Jirani zetu wa Kenya wako mahali hapohapo. Sheria yao ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shule, na wako wazazi Wakristo wanaofundisha nyumbani ambao wamejikuta mbele ya mahakama. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba hili ni jambo lisilo na mwenyewe.

Basi wazo hili limetoka wapi? Kwa sura tunayoiona leo, limetoka Marekani. Katika miaka ya 1970 mwalimu mmoja, John Holt, aliandika kwamba shule inaua hamu ya mtoto ya kujifunza. Holt hakuwa mhubiri. Wakati huohuo mtu na mkewe, Waadventista, Raymond na Dorothy Moore, waliandika kwamba watoto wadogo huingizwa darasani mapema mno. Wakristo wa madhehebu ya kiinjili waliyachukua mawazo hayo, wakiwa bado na uchungu wa hukumu za mwaka 1962 na 1963, ambazo Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilizitoa kuzuia shule za serikali kuongoza sala na usomaji wa Biblia. Wazazi wengi walishitakiwa. Walipigana mahakamani na mabungeni, na kufikia mwaka 1993 majimbo yote 50 yalikuwa yameruhusu. Ndiko vinakotoka vitabu vingi vya kufundishia nyumbani, kama vile vijitabu vya mfumo wa ACE ulioanzishwa Texas mwaka 1970.

Ujerumani mambo ni kinyume kabisa. Huko kutompeleka mtoto shule ni kosa hata leo. Mwaka 2006 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikataa ombi la familia ya Kikristo ya nchi hiyo iliyotaka kufundisha watoto wake nyumbani, na mwaka 2019 ikakataa la familia nyingine ambayo watoto wake walichukuliwa na serikali kwa wiki tatu. Marekani na Ujerumani zote ni nchi zenye Wakristo wengi na mahakama huru, na zimefikia majibu mawili yaliyo mbalimbali. Kwa hiyo tusiseme kwamba Ukristo wenyewe umeshatoa hukumu.

Tena tuangalie jambo moja kwa makini. Sababu kubwa ya Mmarekani, kwamba Biblia imetolewa shuleni, si sababu ya kwetu. Shule za Serikali hapa zina kipindi cha dini, na mchungaji, katekista, padre au shehe anaruhusiwa kuingia na kufundisha watoto wa imani yake. Kama kipindi hicho hakina mwalimu, lawama si ya Serikali. Ni usharika haukumtuma mtu. Niliwahi kuuliza katika kikao chetu cha wazee nani anafundisha kipindi cha dini katika shule ya msingi iliyo karibu na kanisa. Tulitazamana.

Nirudi kwa mwanangu. Tuliendelea kumfundisha nyumbani mwaka mzima wa 2021. Kwa upande wa kusoma alikwenda vizuri. Hesabu zilianza kutushinda pale zilipofika sehemu na desimali, maana mimi nilizijua za zamani na mama yake alikuwa amezisahau. Sayansi tuliisoma kama hadithi. Kiingereza kilikuwa siku kipo, siku hakipo.

Hapa lazima niungame jambo. Mtu aliyekuwa akieleza watu kanisani juu ya uzuri wa shule ya nyumbani ni mimi. Mtu aliyekuwa akifundisha ni mke wangu. Mimi niliondoka asubuhi kwenda kazini mjini na kurudi usiku, nikauliza, "Leo mmesoma nini?" kana kwamba mimi ni mkaguzi. Yeye alikuwa na cherehani zake mbili Tegeta Nyuki, na msichana wa kumsaidia. Ilipofika katikati ya mwaka alikuwa amefunga kibanda, kwa sababu huwezi kukata kitenge cha mteja huku unafundisha mtoto kugawanya. Kodi ya kibanda ilipotea, wateja walihama, na cherehani moja iliuzwa. Hakulalamika. Lakini siku moja aliniambia, "Baba fulani, ada ya shule tumeacha kuilipa, ila mimi ndiye ninayelipa sasa." Sijalisahau neno hilo. Kwa hiyo mtu akikuambia kufundisha nyumbani ni bure, muulize ni nani anayebaki nyumbani.

Oktoba 2021 wenzake walifanya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne. Yeye hakuufanya. Mtihani huo husajiliwa kupitia shule, na sisi tulikuwa hatuna shule. Nilizunguka ofisi mbili tatu nikiamini kutakuwa na mlango wa pembeni, lakini haukuwapo. Nikapiga hesabu: bila darasa la nne, na la saba litakuwaje? Na bila la saba, sekondari ya Serikali ataingiaje?

Ziko njia, na ni haki niwaeleze wazi ili asije mtu akasema nimeficha. Mtu aliyekosa sekondari ya kawaida anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, ule unaoitwa QT, na akifaulu anaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Upo mpango wa MEMKWA kwa watoto walioikosa elimu ya msingi. Ipo mitihani ya Cambridge, ambayo hupokea watahiniwa binafsi katika vituo vilivyoidhinishwa, kisha matokeo yake hupelekwa Baraza la Mitihani kupata ulinganifu. Lakini zitazameni njia hizi. QT na MEMKWA ziliwekwa kumwokoa mtoto aliyeachwa nyuma, nasi tungekuwa tunamwacha nyuma kwa makusudi ili aje kuokolewa. Cambridge hulipiwa kwa fedha za kigeni, na mzazi anayeziweza mara nyingi anaweza pia ada ya shule nzuri.

Januari 2022 tulimrudisha shule, si ile ya kwanza. Mwalimu mkuu mpya alimpima, akasema kusoma yuko mbele ya darasa, hesabu yuko nyuma, na kwa kuwa hana upimaji ataanza la nne. Alikaa na watoto waliomfuata kwa mwaka. Juma la kwanza alirudi akilia. Si kwamba alipigwa. Alikuwa hajui kucheza nao. Alikuwa amezoea kuzungumza na watu wazima. Hilo nalo hatukulipanga. Alimaliza darasa la saba mwaka 2025, mwaka mmoja nyuma ya rika lake, na anajua kusoma kuliko kaka yake. Nikiulizwa kama najuta, najibu kwamba sijutii miezi mitatu na nusu ya kwanza. Ninajutia kiburi cha mwaka na nusu uliofuata.

Sasa tuje kwenye Maandiko, maana kijana wangu wa chini ya mwembe alinitajia Kumbukumbu la Torati sura ya 6, pale Musa anapowaagiza wazazi wa Israeli wawafundishe watoto wao amri za Mungu nyumbani na njiani, asubuhi na usiku. Ni kweli, agizo hilo ni la mzazi, na hakuna shule itakayomwondolea. Lakini agizo linahusu sheria ya Mungu. Halisemi kitu juu ya desimali.

Na mifano ya Biblia haiko upande mmoja. Timotheo alipata imani yake kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, nyumbani. Musa alinyonyeshwa na mama yake, kisha akalelewa katika nyumba ya Farao, na bado akawa Musa. Samweli alitolewa nyumbani akiwa mdogo kabisa, akapelekwa kwa Eli, akawa nabii. Wana wa Eli walilelewa na kuhani mwenyewe, mlangoni pa hema, wakawa waovu. Paulo alikaa miguuni pa mwalimu, Gamalieli. Na Bwana wetu akiwa na miaka 12 alikutwa katikati ya walimu hekaluni, akiwasikiliza na kuwauliza maswali.

Kwa sisi Walutheri kuna jambo la ziada. Mwaka 1524 Martin Luther mwenyewe aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwataka wajenge shule na kuzigharimia, na mwaka 1530 akaandika tena, safari hii akiwasihi wazazi wawapeleke watoto. Aliona kwamba wazazi wengi hawana nafasi, wengine hawana ujuzi, na wengine hawana nia. Wamisionari waliokuja kwetu walianza na kanisa na shule kwa pamoja. Na walipofikiria watoto wao wenyewe, huko Kijabe nchini Kenya walianzisha shule mwaka 1906, na ipo mpaka leo.

Wazee wetu nao hawakumwachia mzazi kila kitu. Hapa pwani Wazaramo walipomweka mwali ndani, aliyemfunda hakuwa mama yake. Alikuwa kungwi. Walijua kwamba yapo mambo ambayo mtoto huyasikia vizuri kutoka kwa mtu mwingine, na kwamba mzazi mwenyewe ana upofu wake. Methali inasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ni kweli, lakini haikusema mama afunze peke yake.

Ila upande wa pili nao una haki, na Mwalimu Nyerere aliusema mapema. Katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alilaumu shule iliyomtenga mtoto na wazazi wake na maisha yao, ikamfanya aone wasiosoma hawana la kumfundisha. Gari la saa kumi na moja kasoro linafanya jambo hilohilo. Serikali yenyewe imeliona: Machi 2023 ilizuia bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, kwa maana mtoto mdogo anahitaji malezi ya nyumbani. Kwa hiyo wazazi wanaolalamika kwamba shule imemmeza mtoto hawalalamiki bure.

Basi tufanyeje? Jibu nililopata mimi sikulipata Marekani. Nililipata kwa jirani yangu wa ukuta mmoja, Mwislamu. Watoto wake wanakwenda shule ya Serikali asubuhi. Saa tisa wanarudi, wanaoga, wanakula, na saa kumi wanavaa kanzu na mitandio wanakwenda madrasa. Siku tano kwa juma. Hakuondoa mtoto shuleni ili amfundishe dini. Aliichukua jioni. Sisi tuna shule ya Jumapili, saa moja kwa juma, mwalimu akiwa kijana wa kwaya aliyechelewa kuamka, kisha tunashangaa mtoto hajui Musa ni nani, tunasema kosa ni la shule.

Nimewajibu wale wazazi vijana hivi. Mwandikisheni binti, maana sheria inataka na mlango wa mtihani uko huko. Chagueni shule ya karibu hata kama haina jina, ili mtoto alale usingizi wake na arudi mchana. Saa mbili za barabarani mkizirudisha nyumbani zina thamani kuliko sare ya rangi nzuri. Nendeni shuleni. Mjueni mwalimu wa darasa kwa jina, ingieni kwenye vikao, ulizeni kitabu cha viboko. Mpimeni mtoto wenyewe: fungueni kitabu, funikeni picha, asome. Kama hajui, kaeni naye saa moja kila jioni, silabi kwa silabi, na baba awe mmoja wa wanaokaa. Na jioni muwe na Neno, hata robo saa, kila siku, si siku umeme ukikatika tu.

Na wewe kijana, nikamwambia, ile nguvu uliyotaka kuitumia kumtoa mtoto mmoja, itumie kuomba kipindi cha dini katika shule ya msingi ya hapa mtaani. Kiko kwenye ratiba, kinasubiri mwalimu. Utafundisha watoto sitini badala ya mmoja.

Mkewe alicheka, akamtazama. Yeye aliangalia chini. Aliniambia atafikiri. Jumapili iliyopita hakuja ibadani, nami sijui kama amenikasirikia. Lakini Jumatatu, nikiwa kwenye daladala, nilimwona amesimama kwenye geti la ile shule, shati limechomekewa, akizungumza na mlinzi.

Ndugu msikilizaji, wangu ni huo mchango. Mwenye mawazo tofauti aniandikie. Mpaka juma lijalo, kwa herini.